Majarida ya Zamani ya Sayansi na Ufundi: Hazina kwa Mwanalugha

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwa nini wapo Wamarekani wanaokusanya majarida makuukuu ya sayansi na ufundi, na sisi walimu na wanafunzi wa lugha tunajifunza nini kwao.

Mwezi Mei 1872, Edward Youmans alianzisha The Popular Science Monthly jijini New York. Hapo mwanzo lilijaa makala marefu ya wanazuoni, akiwemo Herbert Spencer. Mwaka 1902, Henry Haven Windsor alianzisha Popular Mechanics mjini Chicago. Kaulimbiu yake ilimwahidi msomaji kuwa yaliyomo yameandikwa ili ayaelewe. Lugha yake ilikuwa ya karakana, na picha zilikuwa tele.

Ushindani huo wa mitindo ulifikia kilele mwaka 1915. Jina la Popular Science liliuzwa, na jarida likageuka kuwa la picha na maelezo mafupi. Wanazuoni walihamia Scientific Monthly, jarida jipya la James McKeen Cattell. Hilo la wanazuoni liliunganishwa na jarida la Science mwaka 1958, ilhali Popular Science liliendelea kuchapishwa kwenye karatasi hadi mwaka 2021. Lugha nyepesi haikuua sayansi, iliipatia wasomaji.

Aidha, mkusanyaji makini hutafuta nakala kamili. Maktaba nyingi zilipojalidi majarida zilitupa majalada na matangazo ya biashara. Kumbe humo ndimo tunamoona msamiati ukitoka maabara na kuingia sebuleni. Kwa mfano, Modern Electrics, jarida la Hugo Gernsback, lilitumia neno la Kiingereza la televisheni mwezi Desemba 1909, miaka mingi kabla ya chombo chenyewe kufika majumbani. Bila nakala kama hizo, historia ya neno hubaki kubahatisha.

Ikumbukwe pia kuwa karatasi za bei nafuu zina asidi. Hugeuka manjano, kisha huvunjikavunjika. Kwa hiyo huhifadhiwa mahali pakavu, mbali na jua.

Je, sisi tunahifadhi nini? Tanganyika ilikuwa na Mambo Leo tangu mwaka 1923, na humo mna Kiswahili cha kilimo, afya na ufundi cha enzi hizo. Tuliwahi kushuhudia maktaba ya shule moja ikichoma marundo ya majarida ya Kiswahili ili kupata nafasi ya rafu. Tulipita, tukanyamaza. Leo tunapotafuta mifano ya istilahi kwa ajili ya darasa, tunakumbuka moshi ule.

Tunawasihi wanafunzi wetu waendapo likizo wachungulie masanduku ya babu na bibi. Wakikuta jarida kuukuu, hata lililochanika, wasilitupe. Akiba haiozi.