Picha na Jina: Historia ya Akina Mama Waliovuka Mpaka



Kamati imetuomba sisi walimu tuandike historia fupi kwa toleo hili la ukumbusho wa Siku ya Wakimbizi Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 20 Juni tangu mwaka 2001. Safari hii Kamati imeamua kutundika picha za akina mama wa kambi, kila picha ikiwa na maneno ya mwenyewe chini yake, na kuonyesha filamu fupi ya mazungumzo yao. Wengi wamekubali kwa furaha. Wengine wamekataa, na sababu zao si ndogo. Kabla hatujasema nani ana haki, inafaa tutazame picha ya mwanamke mhamiaji imefanya kazi gani duniani na hapa kwetu.

MTO RUSIZI NA WALIOUVUKA

Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Ramani inauonyesha kama mpaka. Lakini kwa akina mama wa Kamembe, Bukavu, Bugarama, Kamanyola na Uvira, ni njia pia. Kila asubuhi wengine huvuka na nyanya, unga na samaki, na jioni hurudi kwao. Wengine huvuka mara moja tu, na mtoto mgongoni, bila kujua watarudi lini.

Hesabu ya misafara hiyo ni ndefu. Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wengi wa Rwanda walikimbilia Kongo na Burundi. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalileta watu Rwanda, Zaire na Tanzania. Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, Warundi walikimbia tena. Julai 1994 mamia ya maelfu walitoka Cyangugu kwenda Bukavu, na mwaka 1996 vita vikawakuta hukohuko Zaire. Juni 2004 mapigano ya Bukavu yalivusha watu hadi Cyangugu. Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Warundi tena. Mwaka 2025 vita vilifika Bukavu mwezi Februari na Uvira mwezi Desemba, na familia zikaingia tena Rusizi.

Katika kila msafara akina mama na watoto walikuwa wengi. Lakini ukifungua vitabu vya historia, utasoma majina ya marais, majenerali na waasi. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

PICHA ZISIZO NA MAJINA

Si kwamba akina mama hawakupigwa picha. Tangu miaka ya 1920, Mpolandi Casimir Zagourski, aliyekuwa na studio Léopoldville, alizunguka Kongo na nchi jirani akipiga picha za watu na kuziuza kama kadi za posta. Wanawake wa Rwanda wamo. Chini ya picha liliandikwa kabila na mahali, kana kwamba mtu ni mfano wa mmea. Huyu alikuwa mama wa nani, alijua kufuma nini, alimzika nani, kadi haisemi.

Jambo hilo halikuwapata Waafrika peke yao. Machi 1936 huko California, Marekani, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja kibarua wa mashambani, watoto wakiwa wamemwegemea mabegani. Picha ikajulikana duniani kote. Magazeti yalipoichapa, chakula kilipelekwa kambini, lakini mama huyo alikuwa ameshaondoka. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana kwa umma mwaka 1978 tu, na alilalamika kwamba picha hiyo haikumletea faida yoyote.

Mwaka 1984 Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, katika kambi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistan. Mwaka 1985 ilitoka kwenye jalada la jarida la National Geographic. Kwa miaka 17 dunia iliyajua macho yake bila kulijua jina lake, Sharbat Gula. Alipopatikana mwaka 2002, alisema alikuwa na hasira siku ile alipopigwa picha na mgeni. Mwaka 2021 Italia ilimpokea, akawa mkimbizi tena.

Tuwaulize wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa mashirika: ni wangapi kati ya akina mama wetu wamepigwa picha kwenye foleni ya maji au ya chakula, na wakapewa nakala? Wapo hapa kambini walioambiwa na jamaa zao wa ng'ambo kwamba sura zao zimeonekana mahali, nao hawakuwahi kuulizwa.

PICHA ILIYOMRUDISHA MTOTO

Hata hivyo, tusiilaumu kamera peke yake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 na ukimbizi uliofuata, zaidi ya watoto 100,000 walikuwa wametengana na wazazi wao. Wadogo hawakuweza kutaja jina la baba wala la kilima chao. Ndipo mashirika, yakiwemo Msalaba Mwekundu na UNICEF, yakapiga picha za maelfu ya watoto katika kambi za mashariki ya Zaire, kila mtoto na namba yake, na kuzitundika kwenye mbao. Akina mama walipita ubao kwa ubao, wakitazama uso kwa uso. Mama aliyetambua uso alitaja namba, na kazi ya kumtafuta mtoto ikaanza.

Tazameni tofauti. Picha ile haikupigwa ili mgeni amwonee mtu huruma. Ilipigwa ili mama amwone mwanawe. Mashine ni ileile, lakini kusudi limebadilika.

AKINA MAMA WANAJISEMEA

Tarehe 13 Agosti 2004, usiku, kambi ya Gatumba nchini Burundi ilishambuliwa. Wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo, wengi wao Banyamulenge, waliuawa. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Sandra Uwiringiyimana, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, alikuwa mtoto bado. Alinusurika, lakini mdogo wake Deborah, mwenye miaka sita, aliuawa. Familia ilihamia Rochester, Marekani, mwaka 2007. Huko Sandra na kaka yake Alex waliandaa maonyesho ya picha za manusura wa Gatumba, ili majirani wapya wajue wanaishi na nani. Mwaka 2014 alizungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na mwaka 2017 akatoa kitabu cha maisha yake. Ni binti wa bonde letu hili, na aliyeanza kusimulia ni yeye mwenyewe.

Ng'ambo ya mto, Bukavu, mwaka 2011 kilifunguliwa kituo cha City of Joy kwa wanawake waliofanyiwa ukatili vitani. Kiongozi wake ni Christine Schuler Deschryver, na Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mmoja wa walioshiriki kukianzisha. Filamu yenye jina la kituo hicho ilitoka mwaka 2016. Ndani yake akina mama wanalia, ndiyo, lakini pia wanacheka, wanasoma na wanabishana. Ndivyo binadamu alivyo.

TOFAUTI ZETU NI MALI

Kambini wamo Wafuliru, Wavira, Wabembe, Banyamulenge, Washi, Warundi na wengine. Mmoja anajua kutunza kibuyu cha maziwa, mwingine kutwanga sombe, mwingine kusuka kikapu. Watoto wetu darasani wanachanganya lugha hizo zote, na Kiswahili kinawaunganisha.

Watu wengine huogopa kwamba kuonyesha tofauti ni kuchochea ugomvi. Tumeteseka kwa sababu ya makabila, hatuwezi kuidharau hofu hiyo. Lakini kilichotuumiza ni kumhesabu mtu kwa kabila na kumnyima jina lake, kama zile kadi za posta. Mfikirieni samaki sambaza. Hakuwa wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Leo nani atakula Kamembe au Bukavu bila kumkuta sokoni? Mgeni huyo amelisha pande zote mbili za mto.

MASHARTI TUNAYOPENDEKEZA

Kwa hiyo tunaiomba Kamati ikubali mambo manne. Kwanza, hakuna picha bila ruhusa, na ruhusa iombwe kwa lugha ambayo mama anaielewa. Pili, anayetaka jina lake liandikwe, liandikwe lote na kwa usahihi. Tatu, mama anayetafutwa na watu aliowakimbia, au aliyefanyiwa ukatili, asilazimishwe kuonyesha uso. Siku hizi picha husafiri kwa simu kupita mpaka wowote. Apigwe picha ya mikono yake, au ya sufuria aliyovuka nayo, na maneno yake yasomwe bila jina. Nne, kila mama apewe nakala yake.

Waliokataa kabisa wasisemwe vibaya. Kukataa kwao ni sehemu ya historia hii. Na waliokubali, tunawaomba wanafunzi wetu wasimame mbele ya kila picha, wasome jina kwa sauti, halafu wakamwamkie mwenyewe, maana anaishi nasi.