Kitenga Maji, Mlinzi wa Nozeli

Katika gereji nyingi za Ruangwa na Nachingwea, kama ilivyo kwingine nchini, kila chombo kinachokaa kati ya tanki la dizeli na pampu huitwa filta. Mwenye lori akiambiwa filta imebadilishwa, huondoka akiamini kazi imekwisha. Kumbe vyombo ni viwili, na kile kinachokosekana katika malori mengi makuukuu ndicho kinachookoa nozeli. Mafundi wanaokijua hukiita wota separeta. Napendekeza tukiite kitenga maji.

Jina hili linafuata njia iliyotupa kipaza sauti, kinasa sauti na kizima moto, na linasema wazi chombo kinafanya nini. Filta ya kawaida, yaani chujio, huzuia taka kwa sababu matundu yake ni madogo kuliko taka hizo. Kitenga maji hutegemea uzito. Lita ya maji ina kilo moja; lita ya dizeli ina gramu 840 hivi. Mafuta yakiingia kwenye bakuli pana mwendo wake hupungua, maji yakazama, dizeli ikapita juu kuelekea kwenye pampu. Vitenga maji vingi vina karatasi ya kuchujia ndani yake, na hapo ndipo majina yanapochanganywa. Lakini chujio la kawaida halina pa kuyaweka maji yakizidi.

Nozeli, kwa usahihi, ni ile ncha yenye matundu. Chombo kizima ni injekta. Mafundi huita chote nozeli na sioni haja ya kuwasahihisha, maana kila dereva anawaelewa. Muhimu ni kujua udhaifu wake. Katika injini za pampu ya zamani, nozeli hufunguka kwa kanieneo la ba 200 hivi. Katika injini za kisasa za komoni reli kanieneo hupita ba 1,600, yaani takriban mara 200 ya upepo ulio ndani ya tairi la lori. Mafuta hupita kwenye matundu yenye upana wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita, na sindano ya ndani hucheza katika nafasi ya mikroni chache tu. Hakuna oili humo. Kinacholainisha ni dizeli yenyewe. Maji yakichukua nafasi ya dizeli, chuma husagana na chuma, kisha kutu huingia. Tone likifika kwenye ncha yenye moto hugeuka mvuke ghafla na linaweza kuimegua. Hapo lori huanza kutoa moshi, kugonga na kukosa nguvu mlimani, na mwenye lori huandaa fedha za fundi pampu.

Kusini tuna sababu zetu za kulijali jambo hili. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwaka 1962. Tangu hapo korosho, ufuta na sasa madini ya kinywe ya Ruangwa hubebwa na malori. Msimu wa korosho huanza Oktoba, na malori hupishana kwenye maghala ya vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Msimu ukipita, mengi huegeshwa tanki likiwa nusu. Hewa iliyomo ndani hupoa usiku, unyevu wake ukawa matone, matone yakashuka chini ya dizeli. Ongeza mafuta ya madumu yanayouzwa vijijini na vumbi la barabara za changarawe, uone kinachoifikia pampu.

Kitenga maji hufungwa kati ya tanki na fidi pampu, ile inayovuta mafuta kutoka kwenye tanki, mahali ambapo dereva anaweza kukiona na kukifikia. Chagua chenye bakuli angavu na koki chini. Karatasi yake iwe ya mikroni 10 hadi 30. Ikiwa laini kuliko hapo, pampu hupata shida ya kuvuta na lori hufa njiani. Chujio laini, la mikroni 2 hadi 5, mahali pake ni baada ya fidi pampu. Kila kiungio kikazwe sawasawa, kwa kuwa upande huu wa mfumo ukivuja hauonyeshi mafuta chini: unaingiza upepo. Na mnunuzi ajue mpaka wa kifaa hiki. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, mchezo ulioifanya serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, hakiwezi kuisafisha, kwa sababu vimiminika hivyo viwili huyeyukiana.

Walimu wa ufundi wa magari katika vyuo vya VETA walifundishe jina hili, na BAKITA ilipime. Nawe mwenye lori, kabla ya Oktoba mwagize utingo afungue koki kila asubuhi kabla injini haijawashwa, maji yatoke mpaka dizeli safi ionekane.