Gia ni nini kwa Kiswahili?

Jamani, neno moja linaweza kuua gari. Nilikuwa silijui hilo mpaka nilipokwenda likizo nyumbani Tarime.

Mjomba wangu ni mfanyabiashara mdogo. Ananunua ndizi na mahindi vijijini, anauza mjini na kule mpakani Sirari. Baada ya miaka ya kudunduliza alinunua kigari cha Kijapani kilichokwisha kutumika, otomatiki. Siku moja gari likaanza kuvuta kwa uvivu. Fundi wa mtaani akamwambia oili ya gia imepungua. Mjomba akaenda dukani, akaomba oili ya gia, akapewa oili ya gia, ile nzito ya namba 90. Hakuna aliyemdanganya. Ikamiminwa.

Siku ya tatu tukaondoka kwenda Mugumu kumsalimia shangazi. Tukapita Nyamwaga, tukapita Nyamongo, tukavuka Mto Mara salama. Tulipoanza kupanda kilima upande wa Serengeti, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote na gari likagoma kwenda. Tukakaa chini ya mti zaidi ya saa tatu mpaka akaja fundi kutoka Mugumu kwa pikipiki, kapakia kijana wake anayejifunza kazi. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa.

"Mzee, humu mmeweka nini?"

"Oili ya gia."

"Mzee, hii siyo yake. Hakuna kitabu cha gari?"

Kitabu kilikuwepo, tena kipya kabisa, kwa sababu hakuna aliyewahi kukifungua. Chote kimeandikwa Kijapani. Mjomba akanigeukia: "Mura, wewe si umesoma Chuo Kikuu? Haya, soma."

Nikatoa simu, nikapiga picha ukurasa wenye mchoro wa oili, nikaiambia simu itafsiri kwa Kiswahili. Ikanijibu kwamba gari linahitaji "majimaji ya maambukizi". Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Mjomba hakucheka.

Kilichotokea ni hiki. Simu ilipita kwenye Kiingereza kwanza. Waingereza wana neno moja kwa mtambo unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu na kwa ugonjwa unaotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Simu ikachagua ugonjwa. Basi nikaanza upya, nikatafuta maana ya alama moja moja za Kijapani. Neno lenyewe lilikuwa mudan hensokuki. Mu ni "bila". Dan ni "ngazi". Hen ni "badili". Soku ni "kasi". Ki ni "mashine". Nikasoma kwa sauti: mashine ya kubadili kasi isiyo na ngazi.

Fundi akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Kumbe ndiyo ile ya mkanda. Humu hamna gia, mzee."

Na kweli hazimo kama tunavyozijua. Magari ya aina hiyo, yale ya CVT, yana kapi mbili zinazotanuka na kubana, na mkanda wa chuma unaopita katikati yake. Kapi moja ikibana mkanda unapanda juu, nyingine ikitanuka mkanda unashuka, na kasi inabadilika bila kuruka kutoka namba moja kwenda namba mbili. Mkanda ule unashika kwa msuguano, na oili yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukimimina oili nzito ya gia, mkanda unateleza na mirija midogo ya ndani inashindwa kupitisha oili. Unaua gari kwa kulipa jina lisilo lake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hivi gia ni nini kwa Kiswahili?

Wengi watajibu haraka kwamba gia ni gia. Sawa, lakini tuangalie wenzetu. Mjapani gurudumu la meno analiita haguruma, yaani gurudumu la jino. Mchina anasema chilun, jino na gurudumu. Mjerumani, aliyetutawala kabla ya Mwingereza, anasema Zahnrad, na maana ni ile ile. Watu watatu wasiofanana hata kidogo wamekitazama kitu kimoja, wote wakaona meno. Mwarabu yeye anasema turs, neno ambalo pia ni ngao.

Lakini wengi wa hao, wakiwa kwenye usukani, hutumia neno tofauti. Mfaransa anayeendesha gari haongelei meno, anaongelea vitesse, yaani kasi, na ndilo neno utakalolisikia kwa madereva wa Kongo. Mjerumani anasema Gang, mwendo. Kwao gurudumu lenye meno ni kitu kimoja, na hatua ya mwendo unayoichagua kwa mkono ni kitu kingine. Ni Mwingereza aliyevichanganya. Neno lake lilitoka kwa watu wa Skandinavia wa zamani likiwa na maana ya vifaa au mavazi tu, likaenea mpaka likameza gurudumu la meno, hatua ya mwendo, hata miguu ya ndege. Sisi tumelichukua likiwa limeshashiba hivyo.

Je, Kiswahili hakikuwa na uwezo wa kuita mitambo? Hapana. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari, na umetoka kwenye Kiarabu. Parafujo, bomba na roda ya kupandishia tanga tulizipata kwa Wareno. Mtambo ulikuwa ule mfyatuko wa mtego na wa bunduki, kabla haujawa mtambo wa kuchapa magazeti ninakofanyia kazi. Msumeno tumeuunda wenyewe, na meno yake yanaonekana humo ndani ya jina. Gari limetoka India, na lilipofika Uganda likawa baiskeli: Mganda akikwambia ggaali anakusudia baiskeli. Stima ilikuwa meli ya moshi, leo ukivuka Sirari kwenda Isebania stima ni umeme. Maneno ya mashine yamekuwa yakisafiri na kubadili kazi kwa karne nyingi, na Waswahili hawakuogopa kuyapa kazi mpya.

Gari la moto lilikuja kwa njia nyingine. Mwezi Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akavuka bara mpaka Swakopmund, na akafika Mei 1909. Wakati huo gari lilikuwa kioja cha kutazamwa. Lililoleta mafundi na madereva wengi ni jeshi. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa Kikurya waliingia KAR, na Waafrika Mashariki wengi walifundishwa udereva na ufundi wa magari ya jeshi. Mwaka 1944 walikuwa Burma, kwenye matope na milima. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, lakini vifaa vilikuwa na majina ya Kiingereza yaliyochapwa juu yake. Ukiwa unafundishwa kwa amri huna nafasi ya kuuliza kitu hiki tukiiteje. Unasema klachi, unasema breki, unasema gia, unaendesha.

Wataalamu nao walikuwepo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na mwaka 1964 ikawa TUKI pale Dar es Salaam, ambayo tangu 2009 imo ndani ya TATAKI. BAKITA ikaundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka ule ule Serikali ilipoagiza shughuli zake zifanywe kwa Kiswahili. Mwaka 1987 Rajmund Ohly, mtaalamu kutoka Poland aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kamusi ya maneno ya kiufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Huwezi kusema hawakujaribu. Tatizo ni kwamba kamusi inakaa maktaba na gari linaharibika barabarani. Fundi hawezi kumwambia mteja asubiri kikao cha istilahi.

Kwa hiyo gia ikashinda, na sina ugomvi nayo. Imekuwa yetu kabisa. Kijana akitafuta mazungumzo na msichana tunasema ameingia kwa gia ya kuomba namba. Kwenye uchaguzi wa 2015 nchi nzima ilikuwa ikiongea kuhusu kubadili gia angani. Neno likishaingia kwenye siasa na mapenzi, nani atalitoa?

Lakini angalia linavyotuchanganya. Chini ya ule mti fundi na mjomba walibishana kuhusu kupanda milima. Mjomba, aliyejifunza udereva darasani, alisema mlimani unaweka gia ndogo, kwa sababu moja ni ndogo kuliko nne. Fundi akasema mlimani unaweka gia kubwa, kwa sababu ukifungua giaboksi ya kawaida, namba moja ndiyo yenye gurudumu kubwa upande wa kutokea. Wote wawili walikuwa sahihi. Sasa mpeleke mgeni aendeshe lori kwenye mteremko mkali, mpigie kelele "weka gia kubwa!" Atafanya nini? Ndiyo maana madereva wenye busara wanataja namba tu. Namba haina tafsiri mbili.

Hapo yule kijana mwanafunzi wa fundi, aliyekuwa kimya muda wote, akaingilia. Akatuonyesha cheni ya pikipiki waliyokuja nayo. "Hii mbele ina meno 14, nyuma 42. Ya mbele inazunguka mara tatu, ya nyuma mara moja. Ndiyo maana inapanda. Ukiweka ya meno 15 mbele itakimbia, lakini hiki kilima itakulaza." Nikamuuliza kasoma wapi hesabu hizo. Akasema sekondari hakumaliza, fizikia ilimshinda kwa sababu ya Kiingereza.

Nilikaa nikamtazama. Huyu kijana amenifundisha uwiano wa gia kwa dakika moja, kwa Kiswahili, na hakutumia hata istilahi moja ya kutungwa. Alisema meno. Kama Mjapani, kama Mchina, kama Mjerumani. Jina ambalo tungeweza kulitafuta kwenye kamati tayari lipo vijiweni, na waendesha bodaboda wanalihesabu kila wanapobadilisha cheni. Shule ndiyo iliyomkataa kwa sababu hakulisema kwa lugha ya mtihani.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Tuiache gia ikae. Tusipoteze muda kuifukuza. Ila tuache kudhani kwamba ukishaliandika neno la Kiingereza kwa herufi za Kiswahili umekwisha kutafsiri. Kutafsiri ni kumweleza mtu kitu kinafanya nini: kina meno au hakina, kinashika kwa mkanda au kwa kung'atana. Otomatiki ya kawaida ina gia, tena zile Waingereza wanazoziita jua na sayari kwa sababu ndogo zinaizunguka iliyo katikati. Jua na sayari tunazo. Ya mkanda ina kapi, nazo kapi tunazo tangu enzi za majahazi. Maneno yapo, ila hayakuwepo kwenye kopo la oili siku ile mjomba alipolihitaji.

Na mkoa wa Mara usinipinge. Mwalimu Nyerere wa Butiama alimtafsiri Shakespeare, Julius Caesar akatuletea mwaka 1963. Kama Kaizari aliongea Kiswahili, giaboksi inashindwa nini?

Gari la mjomba lilivutwa kwa trekta mpaka Mugumu. Bado liko huko, linasubiri giaboksi nyingine, na mjomba anasubiri pesa. Kabla sijarudi kazini niliandika karatasi kwa kalamu nene, nikaibandika ndani ya boneti: HUMU HAMNA GIA, KUNA MKANDA. USIWEKE OILI YA GIA. WEKA YA CVT TU. Fundi aliisoma, akaomba nimwandikie nyingine tano za kuweka kwenye magari ya wateja wake.

Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya tafsiri kuchapishwa. Wewe huko kwenu mafundi wanaiitaje? Nieleze, nikusanye.