Kisanduku cha kusubiri printa

Kila nikiona mtu anaprinti huku anapiga stori na kusikiliza muziki kwenye kompyuta ileile, nawakumbuka wenzetu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Marekani na Ulaya. Wao walikuwa wanakaa tu.

Kompyuta za nyumbani kama Apple II na TRS-80, zote za 1977, kwa kawaida zilifanya kazi moja kwa wakati. Printa ya Epson MX-80, iliyotoka 1980, iligonga herufi 80 kwa sekunde. Piga hesabu: kurasa 20 zenye herufi 2,000 kila moja ni zaidi ya dakika 8, na hapo hatujahesabu muda wa kusogeza karatasi. Kompyuta inaweka herufi kwenye nyaya 8, inabonyeza waya wa STROBE, printa inajibu BUSY, yaani "subiri kwanza". Inasubiri. Na wewe mwenye kompyuta unasubiri nayo, kibodi imekufa.

Visanduku vya kumaliza tatizo hili viliuzwa madukani, lakini waliojua kuchomelea saketi walijitengenezea. Ndani waliweka prosesa ya Z80, chipu ya kuhifadhi programu, na chipu 8 za memori (sio chipsi mayai, tulieni) za kilobiti 64 kila moja. Z80 ilipendwa kwa sababu memori ya aina hiyo husahau ndani ya milisekunde chache isipokumbushwa, na Z80 ina uwezo wa kuikumbusha yenyewe.

Ujanja wenyewe ni mwepesi. Kisanduku kinaidanganya kompyuta kwamba chenyewe ndiyo printa, kinameza herufi fasta, halafu kinazitoa polepole. Alama moja inaonyesha pa kuandika, nyingine pa kusoma. Zikifika mwisho wa memori zinarudi mwanzo. Memori ikijaa, nacho kinasema BUSY. Kilobaiti 64 ni karibu dakika 14 za kugonga.

Kinachonichekesha ni kwamba Z80 hiyohiyo ndiyo ilikuwa kichwa cha TRS-80. Yaani kompyuta ya pili, kazi yake kusubiri tu!

MS-DOS 2.0 ya 1983 ilikuja na amri ya PRINT, ikaanza kuprinti chinichini. Ila kisanduku kilikuwa na vituko vyake: unasimamisha kazi kwenye kompyuta, printa inaendelea kugonga kurasa usizozitaka. Ndiyo maana mafundi wajanja waliweka kitufe cha kufuta kila kitu.