Michoro mitatu ndani ya video moja

Juni 16, 2018, Beyoncé na mumewe Jay-Z waliachia video ya wimbo wao "Apeshit" bila kuitangaza mapema. Mwongozaji Ricky Saiz alikuwa ameirekodi ndani ya Louvre, jumba la makumbusho maarufu la Paris, wageni wakiwa hawamo. Mashabiki wengi walijadili mavazi na jeuri ya pesa. Wanaoijua historia ya sanaa walitazama kuta.

Katika sehemu moja, Beyoncé na wacheza shoo wake wameshikana mikono na kunengua mbele ya mchoro wenye upana wa karibu mita 10. Ni kazi ya Jacques-Louis David, aliyoimaliza mwaka 1807, inayoonyesha Napoléon akimvisha taji mkewe Joséphine. Joséphine alizaliwa Martinique, katika familia iliyomiliki shamba la miwa na watumwa. Napoléon naye, mwaka 1802, alirudisha utumwa katika makoloni ya Ufaransa, miaka minane tu baada ya kufutwa. Anayelijua hilo haoni tena densi tupu. Anaona wanawake weusi wakiuziba ufalme wa Napoléon kwa miili yao.

Jay-Z naye anasimama mbele ya mchoro wa Théodore Géricault wa mwaka 1819, unaoonyesha manusura wa ajali ya meli. Meli ya Kifaransa Méduse, iliyokuwa ikielekea Senegal, ilikwama mwaka 1816 karibu na pwani ya Mauritania ya leo. Watu wapatao 147 walipakiwa kwenye chelezo. Baada ya siku 13 walipatikana 15 tu wakiwa hai. Mtu aliye juu kabisa katika mchoro huo, anayepunga kitambaa kuomba msaada, ni mweusi. Géricault alimchora kwa kumtazama mwanamitindo aitwaye Joseph, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Haiti.

Mchoro wa tatu unaonekana kwa muda mfupi tu: mwanamke mweusi ameketi, kichwani amefunga kilemba cheupe. Ulichorwa mwaka 1800 na Marie-Guillemine Benoist, mwanafunzi wa David yuleyule, katika kile kipindi kifupi ambacho utumwa ulikuwa umefutwa. Mwanamke huyo alikuwa mtumishi aliyetolewa Guadeloupe na shemeji wa mchoraji. Kwa zaidi ya karne mbili watazamaji walimjua kwa rangi yake tu. Mwaka 2019, maonyesho ya Musée d'Orsay kuhusu weusi waliochorwa na wasanii wa Ufaransa yalimtaja kwa jina lake: Madeleine.

Saiz hakulazimika kujenga jukwaa wala kuongeza maelezo. Ubunifu wake ulikuwa katika kuchagua nani asimame wapi, na uchaguzi huo una maana kwa sababu kila ukuta ulikuwa tayari na kisa chake. Ukumbi wa kifahari hukodiwa na yeyote mwenye fedha. Kujua kwamba taji la David na kilemba cha Benoist vinabishana kunahitaji kusoma.

Louvre yenyewe iliiona nafasi hiyo. Iliandaa ziara ya kazi 17 zinazoonekana kwenye video, na mwaka 2018 ilipokea wageni milioni 10.2, rekodi ambayo uongozi wake uliihusisha kwa sehemu na wimbo huo. Vijana waliofuata nyayo za Beyoncé wakajikuta wakisimuliwa habari za Napoléon, za Méduse na za utumwa.