Maneno Yaliyoingia Nairobi kwa Masikio

Neno la Kiingereza linaloandikwa "corps" ni mtego kwa msomaji. Herufi zake mbili za mwisho hazitamkwi kabisa. Sauti inayosikika ni "koo". Wapagazi waliokusanywa na Waingereza katika vita vya 1914–1918, ili wabebe risasi na chakula wakiwafuata askari, hawakuhitaji kuonywa. Walilipokea kwa sikio. Carrier Corps likawa Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam, na maana ikahama pia: jina la kikosi likawa jina la mtaa na soko. Wapagazi wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Leo mtu husema anakwenda Kariokor kununua vyondo au kula nyama choma.

Jeshi ndilo lililokuwa darasa. King's African Rifles, kikosi cha Waingereza kilichoundwa 1902, kilijulikana kwa herufi zake tatu, K.A.R., na wananchi wakaziunganisha: Keya.

Kibera ilizaliwa na jeshi hilohilo. Askari Wanubi wenye asili ya Sudan walipewa makao huko, na serikali ikatenga ekari 4,197 za msitu, ambao kwa Kinubi ni kibra. Wanubi walikuja na vyeo vyenye asili ya Kituruki vilivyopitia jeshi la Misri: ombasha, shaushi, bimbashi. Baadaye koplo na sajini wa Kiingereza wakawapiku wawili wa kwanza.

Mitaani mabadiliko yameendelea. Kwa Mwingereza wa leo, "stage" ni kwanza jukwaa la mchezo. Maana ya kituo cha nauli kwenye njia ya basi ni ya pembeni. Nairobi maana hiyo ya pembeni ndiyo iliyoshika usukani. Abiria akikaribia kituo cha Kongo, mtaani Kawangware, humwambia makanga, "Shukisha steji!"

"Laini" nayo imebeba mizigo mingi: Laini Saba ni mtaa wa Kibera, laini za polisi ni nyumba zao, laini ya simu ni kadi. Wakati huohuo kitambaa laini ni kile chororo. Msikilizaji hutambua maana kwa maneno jirani.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, vikosi vya Keya vilivyokuwa nchini vikawa Kenya Rifles. Ombasha na shaushi wamebaki kamusini. Afande, aliyetoka kwa Waturuki akiwa jina la heshima kwa muungwana, sasa ni polisi anayesimamisha matatu.