Sakafu Iliyoinuka

Sisi wa Malindi tunaishi jirani na msitu wa Shume. Wajerumani, ambao mji wa Lushoto waliuita Wilhelmstal, waliuona msitu huo kuwa mali. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita Kuu ya 1914 kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa ikiteremsha mbao za mwangati kwa kamba ya chuma kutoka Shume hadi Mkumbara, penye reli. Mti mwingine uliotafutwa sana ni mkulo, ambao wataalamu wa mimea waliupa jina la milima yetu: Ocotea usambarensis.

Sakafu ya sebule yangu ni ya mkulo, kazi ya fundi seremala wa kijijini. Masika moja iliinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, hata mlango ukakwama. Nilimwita fundi, nikamlaumu mbele ya watu kwamba alinipigilia mbao mbichi.

Alipiga goti, akapitisha kidole kwenye maungio. "Mwalimu," akasema, "mbao mbichi hukauka zikasinyaa, zikaacha nyufa. Hizi zimebanana. Zimekunywa maji. Tutoke nje."

Nje tulikuta matundu ya hewa ya msingi yamezibwa kwa mawe na udongo. Niliyaziba mwenyewe mwezi wa Julai, kwa kukimbia baridi. Tena ile nafasi ya upana wa kidole aliyoiacha kando ya kuta niliijaza saruji ili mende wasipite. Ubao hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Chumba kina mbao 40. Kila mmoja ukiongezeka nusu milimita tu, jumla ni milimita 20. Zikikosa pa kwenda pembeni, huenda juu.

Tulizibua matundu, tukachimba mtaro wa kupeleka mbali maji ya paa, tukabandua saruji na kung'oa ubao mmoja kila upande. Nilitaka kinundu kipigwe randa mara moja. Fundi akakataa: "Zikikauka zitashuka, nawe utabaki na bonde." Tukangoja miezi mitatu. Zilishuka karibu zote. Tatu zilizopasuka tukazibadilisha. Zile za pembeni alizipunguza upana, akaacha nafasi tena, akaifunika kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, si sakafuni.

Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba risasi ya Sarajevo ya mwaka 1914 ilikuwa cheche tu; chanzo cha vita kilikuwa kimelala chini zamani. Nyumbani kwangu nilisahau somo langu mwenyewe, nikamhukumu mtu kwa kile kilichoonekana juu. Wale waliosikia lawama zangu niliwaita tena sebuleni, nikamwomba fundi radhi mbele yao.